Walivyomfuta Kiraka

Mke wangu yuko kaburini mwaka wa pili huu, na wiki iliyopita wamemfanya aseme uongo.

Nilikuwa kibandani kwangu, navua kochi la mteja. Sisi mafundi makochi ndivyo tunavyosema: kochi unalivua kwanza, unaona mifupa yake, ndipo unalivika upya. Mdomo ulikuwa umejaa misumari midogo. Redio ilikuwa juu ya rafu, pembeni ya kopo la gundi. Kituo kilikuwa kinasherehekea kuzaliwa kwake, na wiki nzima ilikuwa ni kujipongeza tu, asubuhi keki, jioni keki, katikati hotuba. Mara yule Mtangazaji wa Asubuhi, binti mwenye sauti changamfu, akasema:

"Na sasa, wapenzi wasikilizaji, tunafungua maktaba yetu. Sauti ya gwiji mwenyewe, marehemu Kiraka, katika kipindi chake cha Turubai na Jukwaa!"

Nikatema misumari kiganjani. Nikaweka nyundo chini. Tangu tumzike sikuwa nimeisikia sauti ile redioni, nikaisogelea rafu kama mtu anayekwenda kuposa.

Ikatoka sauti ya mwanamke mwingine.

Nyororo hiyo, ya kulamba asali. Ilikuwa inasifia mchezo wa kuigiza uitwao *Kinara wa Nuru*. Eti ni mchezo uliotukuka. Eti kila mzazi awapeleke wanawe. Eti mwandishi wake ni hazina tuliyojaliwa na hatustahili. Ikaendelea hivyo mpaka ikaisha, kisha binti wa redio akashusha pumzi na kusema, "Jamani, Kiraka! Nani kama yeye?"

Mteja wangu, mama mwenye kochi, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri.

"Fundi, kumbe marehemu alikuwa anajua kusifia hivyo! Sauti kama kinanda."

"Huyo si mke wangu."

"Ah, si redio imesema?"

"Redio imesema! Mimi nimelala naye maisha yangu yote, redio imelala naye lini?"

Akacheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka.

Mpaka mchana mtaa mzima ulikuwa umepita kunipa hongera. Kinyozi kanipa hongera. Muuza vocha kanipa hongera. Aliyeniua kabisa ni Mchora Mabango, mzee mwenzangu anayechora vibao vya maduka pale kona. Huyo, Kiraka alimtembelea zamani, akakaa naye siku nzima, akamtangaza redioni nchi ikajua kwamba hata mtu wa vibao ni msanii. Tangu hapo alikuwa akimtaja mke wangu kama mtu anayetaja dini yake. Siku hiyo alisimama mbele yangu na brashi mkononi, hakunipa hongera.

"Nilikuwa nawaambia vijana kwamba yule mama peke yake hakununulika," akasema. "Kumbe ilikuwa bei tu."

Akaondoka. Nikabaki na kochi uchi mbele yangu.

Sasa nieleze, maana wengine mnaosoma hamkuwepo.

Kwenye mpira, kiraka ni yule mchezaji unayemweka popote penye pengo na pengo likazibika. Wenzake kazini ndio waliompa mke wangu jina hilo. Aliingia kituoni kusoma hadithi za watoto, akifanya sauti ya fisi, ya sungura na ya mvua. Mtangazaji wa mpira akapatikana amelewa siku ya fainali, wakamtupa yeye uwanjani, akatangaza mpira vizuri mpaka wanaume wakauliza huyu mwanamke ametoka wapi. Bwana shamba wa redio akahama, akasoma yeye kipindi cha wakulima, akaenda mwenyewe mashambani na viatu vya mvua. Michezo ya redio alicheza bibi na mjukuu wake kwa wakati mmoja, akijijibu. Gazetini aliandika makala ya sanaa kila Jumapili. Mimi nilimfahamu kwa sababu ya kiti. Kiti chake cha studio kilikuwa kinalia kila akijigeuza, wakaniita nikitengeneze, naye akaniambia, "Fundi, nisaidie. Kiti kinaongea kuliko mimi, na mshahara tunalipwa mmoja." Nikakitengeneza taratibu sana. Nikarudi kesho yake kuangalia kama kimetulia. Nikarudi na kesho kutwa.

Lakini kazi aliyoipenda ni ile ya Turubai na Jukwaa, aliyoianzisha yeye. Wachoraji, wachongaji, bendi zinazofanya mazoezi kwenye gereji, watu wa vikaragosi, wote aliwafuata walipo. Na alikuwa na mtindo wake wa kazi ambao hakuuacha hata alipokuwa na mimba ya miezi minane: mchezo wowote aliutazama mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Siku ya kwanza anakaa mbele, na waalikwa. Siku ya pili anasimama nyuma kabisa, na watu wa tiketi ya mwisho. Alikuwa akisema, "Mbele wanatazama nani kaja. Nyuma wanatazama mchezo."

Basi Mkuu wa Vipindi wa enzi hizo akaandika mchezo. Ndiyo, bosi wake mwenyewe. Mtu akishapewa ofisi yenye zulia anaamini ana kipaji pia. Mchezo ukawekwa kwenye ukumbi mkubwa kuliko yote, wakaalikwa wakubwa, na Kiraka akatakiwa auzungumzie kwenye kipindi chake. Akautazama mara mbili. Akausema alivyouona.

Kipindi kilichofuata hakikuwepo. Akapelekwa kusoma matangazo ya vifo alfajiri. Turubai na Jukwaa akapewa mwanamke mwingine, yule mwenye asali, na wiki ileile mchezo ukasifiwa upya. Kanda zilikuwa adimu wakati huo, wakawa wanarekodi kipya juu ya cha zamani. Sasa angalia mkono wa mtu: katika rundo lote la kanda za mahubiri na za hotuba zisizo na kichwa wala miguu, iliyochaguliwa ikafutwe ili sifa zirekodiwe juu yake ni ileile ya mke wangu. Zile nyingine zake zikafuata, moja moja. Maboksi hawakubadilisha. Nje Kiraka, ndani mwingine.

Vifo navyo alivisoma mpaka watu wakawa wanazima jiko wasikilize. Aliwauliza wafiwa neno moja la marehemu, alipenda nini, alikuwa anacheka vipi, akalisema pamoja na jina. Wakamwambia aache, asome jina na mahali pa mazishi tu. Akaacha. Akastaafu bila hata kikombe cha chai. Daktari aliandika kiharusi. Mimi najua kiharusi kile kilikuwa na ofisi, na dereva, na siku hizi kinaitwa Mkurugenzi. Ndiyo, ni yuleyule, alipanda. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya huyu ina lami na taa za barabarani.

Siku wanatangaza kifo cha mke wangu, walimweka kati ya tangazo la sabuni na matokeo ya mpira. Nilinyamaza. Msiba una adabu zake. Lakini hili la kumfanya asifie kitu kilichomla maisha yake, tena kwa mdomo wa aliyepewa kiti chake, hapana. Kwenye hili nilisema, hata wanifunge.

Binti yangu ni muuguzi. Alikuja jioni hiyo bado amevaa sare, kajua kila kitu, maana wodini nako walimpa hongera.

"Baba, ile kaseti bado ipo?"

"Ipo."

Zamani, Kiraka akiwa studio, mimi nyumbani niliweka redio kaseti mezani na kubonyeza vidude viwili kwa pamoja, nimrekodie. Alitaka kusikia makosa yake. Tulikuwa na kaseti moja tu ya kazi hiyo, kila wiki tunarekodi juu ya wiki iliyopita. Sisi pia tulikuwa tunafuta, sikatai, ila tulikuwa tunamfuta yeye kwa yeye. Na kwa kuwa baada ya kile kipindi hakikuja kingine, kaseti ilibaki nacho. Katika dunia nzima, sauti ya mke wangu akiwa kazini imebaki kwenye kaseti hiyo peke yake.

Tukaisikiliza. Binti akairekodi kwenye simu yake kabla sijasema lolote.

"Niisambaze sasa hivi?" akauliza.

"Kwenye simu kuna watu wanaotibu kisukari kwa kitunguu. Nani ataamini? Uongo umesemwa redioni, ukweli utasemwa redioni."

"Basi kesho tunakwenda wote. Lakini Baba, kwa heshima yako, usitukane mtu."

"Nitajitahidi."

"Baba."

"Nimesema nitajitahidi, mama."

Pale kituoni mapokezi wana makochi ya ngozi bandia. Hata hayo yameshonwa vibaya, uzi unatoka nje kama utumbo. Tulikaa hapo mpaka Mtangazaji wa Asubuhi alipomaliza kipindi akatushukia ngazi mbio, mikono mbele.

"Baba! Mume wa Kiraka! Karibuni sana. Mmesikia kipindi?"

"Tumesikia," binti yangu akasema. "Yule si mama."

Yule binti wa watu alisimama pale mikono bado iko mbele. Binti yangu akamwekea simu sikioni, akamsikilizisha kidogo tu, sauti nzito kidogo, yenye mkwaruzo, ya mtu anayekuambia jambo akiwa anakutazama machoni. Mtangazaji akakaa chini kwenye lile kochi.

"Boksi lilikuwa na jina lake," akasema. "Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilichukua boksi lenye jina lake." Halafu akainua uso. "Lakini Mkurugenzi alisikia. Alinipigia simu kipindi hakijaisha. Aliniambia katika maisha yake yote kituoni hapa hajawahi kusikia kipindi kizuri kama kile."

Nilijitahidi. Mungu ni shahidi yangu, nilijitahidi.

Mkurugenzi alitupokea mwenyewe mlangoni, tumbo mbele, tabasamu nyuma yake.

"Shemeji! Karibu, karibu sana. Umepotea!"

"Usiniite shemeji. Shemeji yangu ni ndugu wa mke wangu. Ndugu hamfuti dada yake."

"Mzee ana uchungu, naelewa," akamwambia binti yangu, kana kwamba mimi ni mgonjwa niliyeletwa. "Ni hitilafu ndogo ya maktaba. Enzi zile kanda zilikuwa chache, tulirekodi juu ya zilizopita. Ulikuwa utaratibu."

"Nani alichagua ipi ifutwe?" nikamuuliza.

"Nimesema, ni utaratibu."

"Utaratibu hauna mikono. Mikono ilikuwa ya nani?"

Akahamisha kalamu kutoka kulia kwenda kushoto.

"Ulipomsikia jana," nikasema, "ulijua si yeye?"

"Mzee wangu, sauti za zamani zinafanana fanana."

"Umefanya naye kazi tangu nywele zako ziko kichwani!"

"Baba," binti yangu akanigusa mkono. Kisha akamgeukia yule bwana na sauti yake ya wodini, ile ya kumwambia mgonjwa ageuke achomwe sindano. "Mkurugenzi, ulimpigia dada huyu kumpongeza. Ulipongeza kipindi, au mchezo wako?"

Akairudisha ile kalamu kulia. Alipoongea tena tabasamu lilikuwa limekwenda kupumzika.

"Nitawaambia jambo jema. Studio namba mbili tunataka kuipa jina lake. Kibao cha shaba, mlangoni. Mzee utakata utepe, waandishi watakuwepo. Haya mengine tuyaache, wasikilizaji wameshasahau."

"Sitaki kibao. Nataka mseme redioni kwamba yule hakuwa yeye, na mumpige yeye."

"Haiwezekani. Tukianza kujikosoa katika wiki ya sherehe tutaonekanaje?" Akanyoosha mkono. "Ila hiyo kaseti ni urithi wa taifa. Iache hapa, maktaba iitunze."

Binti yangu ndiye aliyecheka. Alicheka kicheko cha mama yake, kile cha kuanzia tumboni.

"Fisi hakabidhiwi bucha mara mbili, Mkurugenzi."

Tukatoka. Mimi nilikuwa sijatukana, na hilo nalijutia mpaka leo.

Kule nje ukumbini yule Mtangazaji wa Asubuhi alikuwa anatusubiri ukutani. Macho mekundu, lakini amesimama wima.

"Baba, tuna sheria hapa, imebandikwa kwenye ukuta wa kila studio. Kosa la hewani hurekebishwa hewani, katika kipindi kilekile, kwa mdomo uleule. Mkurugenzi anasema ni kwa taarifa ya habari tu. Ukutani haijaandikwa hivyo." Akajifuta pua. "Mdomo uliokosea ni wangu. Njooni kesho na kaseti."

"Mwanangu, watakufukuza," nikamwambia.

"Nimeiambia nchi nzima uongo kuhusu mama wa watu, nikapongezwa. Hebu njooni."

Tukaenda. Studio ileile, ila kuta zimebadilishwa, na kiti si kile. Kumbe siku hizi hawana hata chombo cha kupigia kaseti. Kila kitu ni kompyuta. Bahati niliibeba redio kaseti yetu kwenye mfuko wa sandarusi. Tukaiweka mezani, yule binti akasogeza kipaza sauti mbele yake kama anavyomsogezea mgeni, akavaa visikizio, akatuashiria tunyamaze.

"Wapenzi wasikilizaji," akasema, na sauti yake haikuwa changamfu, "juzi katika kipindi hiki niliwapigia sauti nikasema ni ya marehemu Kiraka. Haikuwa yake. Kosa ni langu. Familia yake iko nami hapa, na Kiraka mwenyewe ni huyu."

Akabonyeza.

Kwanza ikatoka nyumba yetu. Mfuniko wa sufuria. Mtoto anauliza, "Penseli yangu iko wapi?" Mimi nakohoa, kikohozi cha vumbi la sponji ambacho sijapona mpaka leo. Binti yangu akaziba mdomo kwa mkono. Halafu kwa nyuma, kutoka kwenye redio ya wakati ule, akaja yeye.

"Nimeutazama *Kinara wa Nuru* mara mbili, kama kawaida yangu. Mara ya kwanza mbele. Mbele kuna viti laini na watu waliokuja na madereva. Walipiga makofi sana. Niliwaangalia: wakipiga wanamgeukia mwandishi, aliyekaa katikati yao. Jukwaani wangeweza kuwa wanapanga magunia. Siku ya pili nikasimama nyuma. Huko niliwakuta vijana wa shule na wafanyakazi walioletwa kwa malori. Kwenye nguzo alisimama bwana mmoja mwenye kitambaa cheupe. Akikipunga, wanapiga makofi. Akikishusha, wananyamaza. Katikati ya sehemu ya pili yule bwana alisinzia, na ukumbi mzima ukakaa kimya mpaka mwisho."

Mtangazaji aliangua kicheko, akakimeza. Nyuma ya kioo mafundi wa mitambo walikuwa wanacheka waziwazi.

"Waigizaji sina neno nao. Mama aliyecheza mjane alipewa maneno machache kuliko mlango, maana mlango ulilia kila ukifunguliwa. Lakini alivyokaa chini na kuifunga nguo yake kiunoni, niliamini ana njaa. Mchezo haukumtaka. Mchezo ulimtaka mfalme. Mfalme anaingia, anasema. Anatoka, anasemwa. Anarudi, anasema tena. Tukasubiri wote amalize, waliokuwa jukwaani na sisi..."

Hapo nikamwona Mkurugenzi nyuma ya kioo. Hakugonga. Hakupiga kelele. Watu wa aina yake hawapigi kelele, wana simu. Aliinua ile ya mezani pale chumba cha mitambo, akasema neno moja au mawili, akairudisha. Fundi mmoja aliinamisha kichwa, akasukuma kitu kwa kidole.

Mtangazaji akavua kisikizio kimoja. Akanitazama.

"Wametukata," akasema. "Huko hewani sasa wanapiga muziki wa tarumbeta."

Lakini kaseti ilikuwa bado inazunguka. Mke wangu hakujua kwamba amekatwa, akaendelea kuongea kwenye kile chumba, mbele yetu watu watatu, mpaka akamaliza. Sauti yake iligota kwenye kioo na haikupita. Hakuna aliyeinuka kuizima. Yule bwana alikuwa anatutazama kutoka upande wa pili, anaona midomo yetu imefungwa, anaona kaseti inazunguka, na alijua barabara ni maneno gani yanasemwa. Alishayasikia zamani.

Tulipotoka nilimsogelea, nikamwambia maneno ambayo binti yangu amenikataza kuyaandika. Walinzi walinishika mabega. Mmoja aliniomba radhi chinichini, eti mama yake alisomewa kifo na Kiraka, akatajwa kwamba alipenda kupanda maua kwenye makopo. Akaniomba radhi na bado akanisukuma nje.

Mtangazaji hawakumfukuza. Wamempeleka maktaba, chini, kupanga maboksi. Asubuhi sasa kuna kijana anayecheka hata akisoma hali ya hewa.

Binti yangu akaisambaza kaseti kwenye simu, yote, mpaka mwisho. Ikatembea siku moja. Siku ya pili kituo kikatoa taarifa rasmi kwamba kuna sauti bandia inayozagaa, iliyotengenezwa na kompyuta kwa nia ya kuchafua jina la marehemu, na kwamba sauti halisi ya Kiraka ni ile iliyotunzwa katika maktaba ya kituo. Umma uwe makini. Basi watu wakawa makini. Muuza vocha akaniambia kwa huruma kabisa, "Mzee, siku hizi wanaweza kutengeneza sauti ya mtu yeyote, usiumie." Ya uongo ndiyo imekuwa ya kweli, na ya kweli ina onyo rasmi.

Mchora Mabango alikuja kibandani. Aliniomba simu, akasikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, kichwa ameinamisha kama anapima herufi.

"Ni yeye," akasema. "Kompyuta haiwezi kukohoa kipumbavu kama wewe."

"Ahsante."

"Nisamehe kwa lile neno la bei."

"Si kwangu uombe."

"Basi sehemu ile waliyoikata ungeiandika, watu wasome. Sauti watasema bandia. Maandishi yako watasema bandia vipi, na mwandiko wenyewe ulivyo mbaya?"

Ndiyo maana nimeandika. Nimeandika mchana, mteja akisubiri kochi lake na kulalamika. Aliyekosa kusikia siku ile kwa sababu ya tarumbeta, haya ndiyo aliyosema, neno kwa neno, nimeyatoa kwenye kaseti nikisimamisha na kurudisha:

"Mwandishi wa mchezo huu namfahamu. Ni mkuu wangu wa kazi, na kesho tutakutana kwenye ngazi. Ningesema uongo mtamu, ningepita salama. Lakini wewe unayenisikiliza huna mtu wa kukutazamia michezo ila mimi. Nikikudanganya leo, siku nitakayokuambia kwamba nimeona kitu kizuri, kwa mtu asiye na cheo, ndani ya chumba kisicho na taa, utaniamini kwa lipi? Kwa hiyo nasema: mchezo ni mbaya. Mwandishi aende akakae na yule mjane wake, amwulize anataka kusema nini, aandike tena. Nitakwenda kuutazama. Mara mbili."

Hayo ndiyo maneno ya mke wangu. Yale mengine mliyoyasikia kwa jina lake, mkamwulize Mkurugenzi, na mkifika ofisini kwake msikubali awaite mashemeji.